John Barry: fundi wa muziki wa jasusi aliyetuzwa kwa simba wa Isiolo

Kwa miaka mingi lami iliishia Isiolo. Msafiri aliyetoka Nairobi kupitia Nanyuki alifika penye kizuizi cha polisi, akanywa chai, kisha akaingia katika vumbi la kwenda Marsabit na Moyale. Ni mji wa Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru, mji wa ngamia na wa askari, na hakuna anayeutaja pale yanapozungumzwa mambo ya sinema za London na Hollywood. Hata hivyo, ndugu msomaji, mmoja wa watu walioipa sinema ya karne iliyopita sauti yake alipata heshima yake ya kwanza kubwa kwa kisa kilichoanzia hapa. Mtu huyo ni John Barry, mtunzi wa muziki wa sinema za jasusi James Bond.

Wapenzi wa sinema hawachoki kubishana juu ya Bond. Waweke vijana watatu na wazee wawili penye meza ya chai, litaje jina hilo, na kabla vikombe havijapoa watakuwa wamegawanyika. Mzee wa kwanza atashikilia kwamba stelingi wa kweli ni Sean Connery na waliobaki ni wanafunzi wake. Mzee wa pili atamtetea Roger Moore, aliyeweza kuruka kutoka kwenye ndege bila kukunja suti. Vijana watawacheka wote wawili na kumtaja Daniel Craig na ngumi zake. Mabishano hayo yana utamu wake, nami nimeyashiriki mara nyingi kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu. Lakini yanasahau jambo moja. Kati ya 1963 na 1987 jasusi huyo alibadilishwa sura mara tatu, akawa watu wanne mbalimbali, na watazamaji waliendelea kumtambua kuwa ni yule yule. Aliyewasaidia kumtambua alikaa nyuma ya pazia na fimbo ya kuongozea bendi.

John Barry Prendergast alizaliwa tarehe 3 Novemba 1933 mjini York, kaskazini mwa Uingereza. Mama yake alikuwa mpiga piano, na baba yake alimiliki majumba kadhaa ya sinema. Barry alipenda kusimulia kwamba kumbukumbu yake ya kwanza kabisa ilikuwa ya kubebwa na baba yake mlangoni mwa jumba la sinema, na mbele yake gizani akamwona panya mkubwa mweusi na mweupe, yaani Mickey Mouse. Mtoto wa mwenye duka hulamba sukari, na huyu alilamba sinema. Akiwa bado kijana mdogo aliweza kuendesha mtambo wa kuonyeshea picha, na huko chumbani juu aligundua kwamba alikuwa akisikiliza kuliko kutazama. Alitaka kujua jinsi muziki unavyoweza kumtia mtu hofu kabla hata mlango haujafunguliwa.

Alifundishwa na Francis Jackson, mpiga kinanda wa kanisa kuu la York, na papo hapo akajifunza tarumbeta kwa ajili ya jazi. Kisha akaitwa jeshini, kama vijana wote wa Uingereza wa wakati ule, akatumikia Misri na kisiwani Cyprus. Baada ya hapo aliendeleza utunzi kwa masomo ya posta kutoka Marekani, mwalimu wake akiwa Bill Russo, aliyekuwa akiipangia muziki bendi ya Stan Kenton. Wasomaji wa rika la wazee watatabasamu hapo, maana ni wangapi kwetu waliopata elimu yao kwa bahasha na stempu!

Mwaka 1957 aliunda bendi yake, The John Barry Seven, na jina la Prendergast akaliacha nyumbani. Miaka miwili baadaye aliupangia muziki wimbo wa kijana Adam Faith, What Do You Want?, uliopanda hadi nafasi ya kwanza nchini Uingereza. Faith alipoingia katika sinema ya Beat Girl mwaka 1960, Barry alimfuata, na huo ndio ukawa muziki wake wa kwanza wa sinema.

Mwaka 1962 Harry Saltzman na Albert Broccoli walikuwa wakitengeneza Dr. No, picha ya kwanza ya Bond. Mtunzi wao, Monty Norman, alikuwa na wimbo aliokuwa ameuweka kabatini. Aliutunga kwa ajili ya mchezo wa jukwaani uliotokana na riwaya ya V. S. Naipaul, A House for Mr Biswas, inayohusu Wahindi wa Trinidad. Naam, Naipaul huyo huyo aliyekaa Makerere mwaka 1966. Wimbo wa nyumba ya Mhindi maskini ukageuzwa kuwa wimbo wa jasusi wa Malkia, lakini haukusimama sawasawa. Ndipo Barry alipoitwa. Akampa mpiga gita Vic Flick ile sauti nzito ya nyuzi, juu yake akamwaga matarumbeta ya jazi, na kazi ikaisha. Alilipwa fedha kidogo za mara moja. Alipokwenda kuitazama picha yenyewe kama mtazamaji mwingine yeyote, alistaajabu kusikia muziki ule ukirudiwa kila mahali, mwanzo hadi mwisho.

Nani hasa aliutunga? Jambo hilo lilifika mahakamani London mwaka 2001, Norman alipolishtaki gazeti lililoandika kwamba wimbo ni wa Barry. Barry alitoa ushahidi upande wa gazeti. Baraza la mahakama lilimpa Norman ushindi na fidia ya pauni 30,000. Sheria imekwisha kusema, nasi hatuna la kuongeza, ila kwamba mbegu ya mtu mmoja inaweza kuota vizuri katika shamba la mwingine. Watengenezaji wa picha walilijua hilo mapema, kwani picha ya pili, From Russia with Love ya 1963, walimkabidhi Barry. Alidumu nao, kwa kwenda na kurudi, hadi 1987, akatunga muziki wa picha 11.

Ukitaka kuwalinganisha stelingi wa Bond, fumba macho usikilize. Picha tano kati ya hizo 11 zilikuwa za Connery. Huyu alikuwa mtoto wa mtaa wa wafanyakazi wa Edinburgh, aliyewahi kugawa maziwa, na mwendo wake ulikuwa wa chui anayejua hana haja ya kukimbia. Barry alimpa muziki wa namna hiyo: matarumbeta yanayokaripia, ngoma chache, kisha kimya. Usiku mmoja wa 1964 Michael Caine alikuwa amelala nyumbani kwa Barry na hakupata usingizi, kwa sababu mwenyeji wake alipiga piano hadi alfajiri. Asubuhi akapigiwa wimbo uliokamilika, akawa mtu wa kwanza duniani kuusikia Goldfinger. Aliyeuimba ni Shirley Bassey, msichana wa Cardiff ambaye baba yake alikuwa Mnigeria. Santuri ya picha hiyo ilifika nafasi ya kwanza Marekani, na tangu hapo kila mwimbaji wa Bond hupimwa kwa mizani ya Bassey.

Mwaka uliofuata Saltzman alitengeneza jasusi mwingine, safari hii akiigizwa na Caine mwenyewe. Katika The Ipcress File mpelelezi ana miwani, anajipikia chakula na kulalamikia mshahara. Barry aliyaweka kando matarumbeta akatumia cimbalom, chombo cha nyuzi cha Ulaya ya Mashariki kinachogongwa kwa vijiti, chenye sauti baridi kama kijiko ndani ya kikombe kitupu. Watu wawili wa kazi moja, muziki wa fundi mmoja, na hakuna anayeweza kuwachanganya. Fundi cherehani mzuri humpima mteja kabla ya kukata kitambaa.

Na sasa turudi Isiolo. George Adamson alikuwa bwana nyama wa wilaya ya mpakani kaskazini, makao yake Isiolo. Tarehe 1 Februari 1956, akiwa safarini kumsaka simba aliyekuwa amemuua Mborana mmoja, alirukiwa na simba jike, akampiga risasi. Baadaye ikaonekana kwamba alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. George aliwapeleka kwa mkewe Joy, na malezi ya kila siku yakawa ya Nuru, kijana wa bustani wa nyumba yao. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu, Elsa, alikulia Isiolo, akafundishwa kuwinda, akaachiliwa huru Meru, na huko akafa Januari 1961. Kitabu cha Joy, Born Free, kilikuwa kimetoka mwaka mmoja kabla na kuenea dunia nzima.

Sinema ya kitabu hicho ilipigwa hapa hapa Kenya, upande wa Naro Moru chini ya mlima, ikatoka mwaka 1966. Virginia McKenna na mumewe Bill Travers waliigiza kama Joy na George, Peter Lukoye akawa Nuru, na Omar Chambati akawa Makedde, askari wa wanyamapori. Mkubwa wa George katika picha aliigizwa na Geoffrey Keen. Mwangalie vizuri, maana ndiye utakayemwona tena kama waziri wa ulinzi wa Uingereza katika picha sita za Bond, kuanzia 1977 hadi 1987.

Barry alipoombwa muziki wa picha hiyo hakuwa na hamu. Alikuwa mtu wa jazi, wa moshi wa sigara na bunduki, na kisa cha mama na mtoto wa simba alikiona kitamu mno. Alikubali huku akinung'unika. Maneno ya wimbo yaliandikwa na Don Black, na ukiyachunguza hayamtaji simba hata mara moja. Yanahusu uhuru. Mwimbaji alikuwa Matt Monro, yule yule wa From Russia with Love. Wenye picha hawakuupenda, wakaukata katika nakala kadhaa. Ulichowaokoa waliouamini ni mpiga piano wa Marekani, Roger Williams, aliyeurekodi ukavuma nchini mwake, na ndipo ukarudishwa mahali pake. Mwezi wa Aprili 1967 Barry alipata Oscar mbili kwa picha moja: ya muziki na ya wimbo, hii ya pili akigawana na Black.

Hapo nina la kusema. Katika muziki ule mzuri husikii Isiolo. Husikii nyimbo za Waborana wanaponywesha mifugo kisimani, wala wimbo wowote ambao Nuru angeutambua kuwa wa kwao. Kuna fidla za London zikiitazama mbuga kutoka mbali. Hatuwezi kumtetea kwa kusema hakujua njia nyingine, kwa kuwa miaka miwili kabla, katika Zulu ya 1964, alizitumia nyimbo za Wazulu wenyewe na kuzijengea muziki wake juu yake. Kwa Elsa hakufanya hivyo. Wimbo wa Born Free ungeweza kuwa wa simba wa nchi yoyote, na labda ndiyo sababu nchi zote ziliuimba.

Mwaka 1969 Connery alikuwa amechoka akaondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na George Lazenby, Mwaustralia aliyejulikana kwa matangazo ya biashara tu. Picha ilikuwa On Her Majesty's Secret Service, ambamo jasusi anaoa na mkewe anauawa siku hiyo hiyo ya harusi. Barry alieleza baadaye kwamba aliliona tatizo mapema. Watu hawangemkubali mgeni huyu, kwa hiyo ilibidi muziki uwe wa Bond kupita Bond mwenyewe, ili masikio yawaambie yale ambayo macho yalikuwa yakikataa. Akaongeza nguvu ya matarumbeta, akaleta na kinanda cha umeme kilichokuwa kipya wakati ule. Kwa ajili ya mapenzi alimtafuta Louis Armstrong, mzee na mgonjwa, aliyeweza kuimba lakini hakuwa tena na nguvu ya kupuliza tarumbeta yake. We Have All the Time in the World ni kati ya nyimbo za mwisho alizorekodi, kwani alifariki 1971. Lazenby alicheza mara moja tu akaenda zake. Binafsi naona ndiyo kazi bora ya Barry katika mfululizo wote, na naona pia kwamba bila muziki huo Lazenby angesahaulika kabisa.

Connery alirudi mara moja, katika Diamonds Are Forever ya 1971, kisha akaja Roger Moore. Huyu alikuwa mtu wa mzaha, wa kupandisha unyusi mmoja wakati wengine wangepandisha bastola. Barry alimfanyia kazi nne kati ya saba, na mwanzoni mzaha ulimshinda. Katika The Man with the Golden Gun ya 1974 gari linaruka mto huku likijizungusha hewani, kazi ya hatari na ya ajabu, naye akaweka juu yake mlio wa filimbi ya kuchekesha watoto. Alijuta. Miaka mitano baadaye, katika Moonraker, alikuwa amempata mteja wake. Matarumbeta yalipungua, fidla zikawa ndefu na za polepole, hata picha ya kipuuzi ya mapigano angani ikapata adabu fulani. Moore akicheza, muziki haucheki naye. Ndiyo maana mzaha wake ulivumilika.

Ushahidi mkubwa wa hoja yangu ulipatikana mwaka 1983. Mwaka huo walikuwako Bond wawili sokoni. Moore alikuwa na Octopussy, kazi ya Broccoli. Watengenezaji wengine, waliokuwa na haki za kisa cha Thunderball, walimrudisha Connery katika Never Say Never Again. Walimwendea Barry akakataa kwa heshima ya Broccoli, na wimbo wa Bond hawakuwa na ruhusa ya kuutumia. Mfaransa Michel Legrand, mtunzi hodari asiye na deni kwa mtu, ndiye aliyewatungia. Basi pakawa na sura ya Bond ya asili, mwendo ule ule na sauti ile ile nzito, lakini gita la Flick halipo. Itazame leo uone. Unamwona Sean Connery waziwazi. James Bond unamsubiri mpaka taa zinawashwa.

Maisha yake ya nyumbani tuyapitie haraka. Alioa mara nne. Mke wa pili alikuwa Jane Birkin, mwigizaji aliyekuja kupata jina Ufaransa, na wa nne, Laurie, alikaa naye hadi mwisho, makao yao yakiwa Oyster Bay karibu na New York. Kwa muda alikaa nje ya Uingereza kwa sababu za kodi, na hiyo inaeleza kwa nini baadhi ya picha za Moore zilikwenda kwa watunzi wengine.

Mwaka 1985 alirudi Kenya kwa njia ya muziki. Sydney Pollack alikuwa ametengeneza Out of Africa, kisa cha Karen Blixen na shamba lake la kahawa chini ya Ngong, na alifikiria kuweka muziki wa Kiafrika. Barry alimpinga. Alisema, kwa maana yake, kwamba hiyo ni hadithi ya wapenzi wawili wa Kizungu wanaoitazama nchi wasiyoweza kuishika, na muziki uwe wa mtazamo wao. Ukikumbuka niliyoyasema kuhusu Elsa utadhani nitamlaumu tena. Safari hii simlaumu. Aliiona picha jinsi ilivyo kuliko wenyewe walivyoiona, na hakutaka kuivalisha ngoma za kukodi. Ile safari ya ndege ndogo juu ya nchi, bila neno, ilimpatia Oscar nyingine. Joy Adamson hakuwahi kuiona, kwani alikuwa ameuawa Shaba, wilayani Isiolo, Januari 1980. George aliuawa Kora mwezi wa Agosti 1989.

Hebu tuhesabu. Barry alipata Oscar tano kwa jumla: mbili za Born Free, moja ya The Lion in Winter ya 1968, moja ya Out of Africa, na moja ya Dances with Wolves ya 1990. Tatu kati ya tano zilitoka katika visa vya Kenya. Kwa picha zote 11 za Bond hakupata hata moja, wala hakupendekezwa. Waamuzi wa Hollywood waliiona kazi ile kama biashara ya kuuza tikiti, nao vijana wa dunia nzima walikuwa wakiipiga mluzi njiani.

Bond wake wa mwisho alikuwa Timothy Dalton, mtu wa jukwaa aliyevisoma vitabu vya Ian Fleming na kuutaka ukali wake urudi. Katika The Living Daylights ya 1987 Barry alimpa mdundo wa mitambo ya umeme chini ya matarumbeta ya zamani, muziki wa mtu mwenye haraka na hasira. Aligombana na vijana wa bendi ya a-ha juu ya wimbo wa kufungulia. Na kwa mara moja aliruhusu uso wake uonekane katika mfululizo huo. Karibu na mwisho wa picha kuna onyesho la muziki, na kiongozi wa okestra aliyesimama na fimbo ni yeye.

Mwaka 1988 koromeo lake lilipasuka baada ya kunywa dawa ya kujenga afya, akakaribia kufa, na kwa karibu miaka miwili hakuweza kufanya kazi. Picha ya pili ya Dalton ikaenda kwa mwingine. Alipopona alitunga Dances with Wolves, lakini kwa Bond hakurudi. Alipomsikia kijana David Arnold akizirekodi upya nyimbo zake za zamani, alimpendekeza kwa wenye picha, na Arnold akawafanyia Pierce Brosnan na Daniel Craig kazi tano kuanzia 1997.

John Barry alifariki tarehe 30 Januari 2011 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 77. Mwaka 2021 ilitoka No Time to Die, picha ya mwisho ya Craig, ambamo kwa mara ya kwanza jasusi mwenyewe anauawa. Watengenezaji walikuwa na wimbo mpya wa Billie Eilish na muziki mpya wa Hans Zimmer. Kwa mazishi hawakuutumia huo peke yake. Walikwenda kabatini wakautoa ule wa 1969, uliotungwa kumsaidia George Lazenby aaminike, wakaupiga hadi mwisho kwa sauti ya mzee Armstrong.